Draiva Imegoma: Tafuta Kwanza Ombi Lilipokwama

Maneno mekundu yakitokea kwenye skrini, vidole hukimbilia nenosiri. Unaliandika upya, kisha unaliandika tena polepole, herufi kwa herufi. Kwenye Snowflake hilo lina gharama yake: ukilikosea mara tano mfululizo unafungiwa kwa dakika 15. Na kama ombi lako halikufika kabisa kwenye seva, unaweza kuliandika hadi jioni bila kitu chochote kubadilika, kwa sababu hakuna aliyelisoma.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, jiulize jambo moja: ombi limefika wapi? Kati ya Excel, Power BI au hati yako ya Python na data iliyoko kwenye wingu kuna hatua kadhaa. Programu inaita draiva. Draiva inatafuta anwani ya seva, kisha inafungua njia salama kupitia poti 443. Seva inakagua wewe ni nani. Ukishakubaliwa unapewa kikao chenye jukumu lake, ghala lake na kanzidata yake. Halafu majibu yanarudi, na wakati mwingine hayarudi kwa njia ile uliyoendea, jambo linalowasumbua watu wengi kuliko mengine yote niliyotaja. Kila hatua ina makosa yake, na kosa la hatua ya kwanza haliponywi kwa dawa ya hatua ya nne.

Mwongozo huu nimeuandika nikiifikiria Snowflake, jukwaa la data lililoanzishwa Marekani mwaka 2012. Wanaotumia Databricks, BigQuery au Redshift watakuta namba na majina tofauti, ila mpangilio wa uchunguzi ni uleule.

Anza na herufi mbili

ODBC ilitolewa na Microsoft mwaka 1992 ili programu moja iweze kuzungumza na kanzidata za aina nyingi. JDBC, ya upande wa Java, ilifuata mwaka 1997. Zote mbili hukupa, pamoja na maelezo marefu ya kosa, msimbo wa herufi tano unaoitwa SQLSTATE. Herufi mbili za mwanzo ndizo zenye kazi. IM ni meneja wa draiva: hujatoka hata ndani ya kompyuta yako. 08 ni muunganisho: umetoka, au umejaribu kutoka, na njia imekatika mahali fulani kabla kikao hakijafunguka. 28 ni utambulisho. 42 ni habari njema kidogo, maana umeshaingia na sasa ugomvi ni wa SQL au ruhusa.

Snowflake huongeza namba yake mbele ya msimbo huo, kama 250001 au 290404. Nakili ujumbe wote, hadi mstari wa mwisho. Watu hupiga picha nusu ya juu ya kisanduku cha kosa na kuituma kwa fundi, wakati namba imekaa nusu ya chini.

Draiva haijapatikana

IM002 maana yake meneja wa draiva hajaliona jina la chanzo cha data, yaani DSN, ulilompa. Mara nyingi jina lipo, ila limesajiliwa upande mwingine. Windows ya biti 64 ina madirisha mawili ya kusimamia ODBC, na mafaili yote mawili yanaitwa odbcad32.exe. Lile la biti 64 liko kwenye folda ya System32, na lile la biti 32 liko SysWOW64. Ndiyo, majina yamekaa kinyume, na hakuna la kufanya ila kuyakariri.

Kinachoamua utumie lipi ni programu inayoita draiva. Windows yako inaweza kuwa ya biti 64 huku Excel iliyowekwa ofisini ni ya biti 32. Basi unahitaji draiva ya biti 32 na DSN iliyosajiliwa kwenye dirisha la biti 32. Zikigongana, msimbo ni IM014. Kisha angalia kama DSN umeiweka kwenye orodha ya mtumiaji au ya mfumo mzima. Ukiiweka ya mtumiaji, utaunganisha vizuri mchana ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, halafu ripoti ya usiku inayoendeshwa na mtumiaji mwingine haitaiona.

Kwenye Linux, amri ya kwanza iwe `odbcinst -j`. Itakuonyesha ni mafaili gani hasa ya odbc.ini na odbcinst.ini yanayosomwa, na mara nyingi si yale uliyokuwa unayahariri kwa saa nzima. Baada ya hapo `isql -v JinaLaDSN` itakupa kosa lenyewe bila programu nyingine kuingilia. Ukiambiwa faili la draiva halifunguki ilhali unaliona kwa macho yako kwenye folda, endesha `ldd` juu ya faili hilo. Kinachokosekana huwa ni maktaba nyingine ambayo draiva inaitegemea, na ujumbe unalitaja faili lisilo na kosa.

Wa Python wao hawapiti ODBC wakitumia snowflake-connector-python. Kwao kosa la hatua hii ni la mazingira: maktaba imewekwa kwenye Python moja, hati inaendeshwa na nyingine. Lipo na jingine la kuchekesha hadi likupate: ukiipa hati yako jina snowflake.py, Python itaiona hiyo kwanza na kuiacha maktaba yenyewe.

Jina la akaunti

Hapa usiwe na haraka. Makosa mengi ya kundi la 08, hasa yale yanayokuja na 404 au 403 ndani yake, yanatokana na jina la akaunti lililoandikwa visivyo. Seva imepatikana, imejibu, ila haiijui akaunti uliyoitaja.

Kuna mitindo miwili ya jina. Mpya ni jina la asasi, kistari, na jina la akaunti. Wa zamani ni kitambulisho kifupi cha herufi na namba, na kama akaunti haiko kwenye kituo cha AWS cha Oregon, magharibi mwa Marekani, huongezewa eneo, na pengine jina la mtoa huduma: kwa mfano `xy12345.eu-west-1` au `xy12345.west-europe.azure`. Ukiandika kitambulisho kifupi bila eneo, ombi linapelekwa Oregon, hata kama data yako iko Ulaya. Huko watakujibu kwamba hawakujui, na ni kweli hawakujui.

Mwombe mwenzako aliyeingia kupitia kivinjari aendeshe hii:

`SELECT CURRENT_ORGANIZATION_NAME() || '-' || CURRENT_ACCOUNT_NAME();`

Jibu hilo ndilo jina la kutumia. Kama ndani ya jina la akaunti mna mstari wa chini, ugeuze kuwa kistari unapoandika anwani ya seva, kwa sababu mstari wa chini haukubaliki kwenye majina ya seva na huvuruga ukaguzi wa vyeti vya usalama.

Halafu kila draiva ina namna yake ya kulitaka jina hilo. ODBC, kwenye sehemu ya Server, inataka anwani nzima pamoja na `.snowflakecomputing.com`, bila `https://` mbele. Python, kwenye `account`, inataka jina tupu bila mkia huo. JDBC inaweka anwani nzima baada ya `jdbc:snowflake://`. Anayenakili mpangilio wa ODBC na kuubandika kwenye Python hujikuta ameomba seva ambayo haipo duniani.

Njia

Kama jina ni sahihi na bado unapata 08, nenda kwenye mtandao. Usianze na ping. Seva nyingi haziijibu, na hata ikijibiwa haikuambii lolote kuhusu poti 443. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

`Test-NetConnection jina-lako.snowflakecomputing.com -Port 443`

Kwenye Linux au Mac tumia `curl -v https://jina-lako.snowflakecomputing.com`. Mstari wa kwanza kuutazama ni kama anwani ya IP imepatikana. Isipopatikana, shida ni DNS. Ikipatikana lakini hakuna anayeitika, kuna faiawoli katikati. Ikiitika kisha ikalalamikia cheti, soma aya chache zijazo kwa makini.

Na usijifariji kwa kusema kivinjari kinafungua ukurasa wa Snowflake bila shida. Kivinjari huchukua mipangilio ya proksi kutoka kwenye mfumo wa kompyuta. Draiva si lazima ifanye hivyo. Draiva nyingi husoma `HTTPS_PROXY` na `NO_PROXY` kwenye mazingira ya mfumo, na JDBC ina vigezo vyake vya `useProxy`, `proxyHost` na `proxyPort`. Kinyume chake pia hutokea: mtu amehama ofisi, proksi ya zamani haipo tena, ila kigezo bado kimekaa kwenye mazingira kikipeleka maombi shimoni.

Wakati mwingine njia yenyewe ndiyo mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo draiva huonekana mbovu kwa namna ya pekee: inaunganisha, inakata, inaunganisha tena. Kabla ya kuiondoa na kuiweka upya, jaribu huduma nyingine yoyote iliyoko nje ya nchi. Zikisuasua zote, ongeza muda wa `login_timeout` na ufanye kazi nyingine.

Sasa cheti. Kampuni nyingi, benki hasa, huweka kifaa kinachokagua mawasiliano yote ya HTTPS yanayotoka. Kifaa hicho ni kama karani anayefungua barua yako, akaisoma, kisha akaitia kwenye bahasha mpya yenye muhuri wake. Kivinjari hakilalamiki kwa sababu watu wa TEHAMA walishaweka cheti cha kampuni kwenye Windows. Draiva ya Python au Java ina orodha yake ya vyeti inavyoviamini, na cha kampuni hakimo. Ili kujua kama ndicho kinachokupata, andika:

`openssl s_client -connect jina-lako.snowflakecomputing.com:443 -servername jina-lako.snowflakecomputing.com`

Tazama aliyetoa cheti. Ukiona jina la kampuni yako au la mtengenezaji wa faiawoli, umepata jibu. Dawa ni mbili. Iliyo bora ni kuomba anwani za Snowflake zisikaguliwe na kifaa hicho. Ya pili ni kuongeza cheti cha kampuni kwenye orodha ya draiva: kwa Python kupitia `REQUESTS_CA_BUNDLE`, kwa Java kwenye hazina yake ya vyeti, kwa ODBC ya Linux kupitia `CABundleFile` ndani ya simba.snowflake.ini.

Ipo na dawa ya tatu, ile utakayopewa haraka na mtu aliyekwisha kukata tamaa: kuzima ukaguzi wa vyeti. Itafanya kazi, ndiyo ubaya wake. Kuanzia hapo yeyote anayeweza kujiweka katikati ya njia anasoma data ya wateja wako, na draiva haitasema neno. Sijaona sababu ya kazi ya kawaida inayotosha kuruhusu hilo.

Umeunganishwa, data haiji

Hili ndilo tatizo linalopoteza muda mwingi kuliko yote, kwa kuwa kila dalili inakuambia muunganisho ni mzima. Kitufe cha kujaribu muunganisho kinatoa alama ya kijani. `SELECT 1` inajibu papo hapo. Orodha ya majedwali inaonekana. Ukiita jedwali lenye safu laki tano, programu inaganda, au inaleta safu chache za mwanzo na kunyamaza, kisha baada ya dakika kadhaa inalalamika kuhusu muda kuisha.

Sababu iko kwenye ujenzi wa Snowflake. Majibu madogo hurudi moja kwa moja kutoka kwenye seva uliyoiuliza. Majibu makubwa hukatwa vipande na kuwekwa kwenye hifadhi ya mtoa huduma wa wingu, iwe S3 ya Amazon, Blob ya Azure au Cloud Storage ya Google. Kisha draiva hupewa viungo vya muda na kwenda kuvichukua yenyewe. Anwani hizo haziishii na snowflakecomputing.com. Kama mtu wa faiawoli aliruhusu jina hilo peke yake, ameruhusu maswali kutoka na kuyazuia majibu makubwa kuingia. Kwa sababu hiyohiyo amri za PUT na GET, zinazopandisha na kushusha mafaili, hugoma wakati kila kitu kingine kinafanya kazi.

Jaribio hili halihitaji jedwali lolote, ghala tu:

`SELECT RANDSTR(100, RANDOM()) FROM TABLE(GENERATOR(ROWCOUNT => 200000));`

Linatengeneza takribani megabaiti 20 za herufi za kubahatisha. Liendeshe kutoka kwenye mashine yenye tatizo, kisha kutoka kwenye mashine iliyo nje ya mtandao wa ofisi. Likipita nje na kukwama ndani, usiendelee kuhangaika na draiva. Endesha:

`SELECT SYSTEM$ALLOWLIST();`

Utapata orodha kamili ya anwani na poti ambazo akaunti yako inazihitaji. Zilizoandikwa STAGE ndizo za hifadhi. Utaona na poti 80, ambayo hutumika kuuliza kama vyeti vimefutwa. Hiyo nayo husahaulika. Mpe mtu wa mtandao orodha hiyo kama ilivyo, usimsimulie kwa mdomo. Snowflake pia wana kifaa kidogo kiitwacho SnowCD kinachosoma orodha hiyo kutoka kwenye faili na kujaribu kila anwani moja baada ya nyingine. Matokeo yake humaliza ubishi kati ya timu ya data na timu ya mtandao haraka kuliko kikao.

Kuna dalili inayofanana na hii ila haina uhusiano na faiawoli. Ukitumia JDBC kwenye Java 16 au mpya zaidi, unaweza kuunganisha vizuri kisha SELECT ya kwanza ikaanguka kwa kosa linalotaja Arrow au kumbukumbu ya mashine. Java mpya imefunga milango ya ndani ambayo Arrow, muundo unaotumika kubeba majibu, ilikuwa inapitia. Ongeza `--add-opens=java.base/java.nio=ALL-UNNAMED` unapoanzisha Java, au ubadilishe `JDBC_QUERY_RESULT_FORMAT` iwe JSON na uvumilie kasi ndogo.

Umekataliwa

Ukifika hapa, shukuru kidogo: seva imekusikia. Msimbo 390100 ni jina au nenosiri lisilo sahihi, na hapo kweli nenosiri linastahili kutazamwa. Kama lina alama kama `@`, `;` au `{` na umeliweka ndani ya mstari mrefu wa muunganisho, inawezekana linakatwa katikati kabla halijatoka.

Msimbo 390422 unasema anwani yako ya IP hairuhusiwi, na ujumbe wenyewe unaitaja anwani hiyo. Huu ni ugonjwa wa kawaida kwetu. Umeme umekatika, modemu ya ofisi imezima, mtu anawasha hotspot ya simu ili amalize ripoti. Msimamizi aliruhusu anwani ya ofisi tu, na simu inatoka kwa anwani nyingine, tena inayoweza kubadilika kila ukijiunga upya. Usimwombe msimamizi aongeze anwani ya simu. Kesho itakuwa nyingine, na ya leo atakuwa nayo mteja mwingine wa kampuni hiyohiyo ya simu. Omba VPN ya ofisi yenye anwani isiyobadilika.

Nenosiri peke yake linaondoka taratibu. Mwaka 2024 wezi waliingia kwenye akaunti za wateja wengi wa Snowflake kwa kutumia manenosiri yaliyoibwa na programu hasidi kwenye kompyuta za watu. Kampuni ya usalama ya Mandiant ilitaja asasi takribani 165 ambazo huenda ziliguswa, na akaunti zilizovamiwa hazikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Tangu hapo Snowflake imekuwa ikiubana mlango huo hatua kwa hatua. Kwa hiyo hati iliyofanya kazi miaka mitatu bila kuguswa inaweza kukataliwa ghafla, bila mtu yeyote upande wako kubadilisha kitu.

Kwa mtu anayefanya kazi mwenyewe, `authenticator=externalbrowser` inatosha: kivinjari kinafunguka, unaingia kwa akaunti ya kampuni. Usiiweke kwenye seva isiyo na skrini, itasubiri kivinjari ambacho hakipo. Kama unatumia uthibitisho wa simu na programu yako inafungua miunganisho mingi kwa mpigo, simu italia mfululizo hadi uchoke na kubonyeza kukataa; mwombe msimamizi aruhusu tokeni ya uthibitisho ihifadhiwe, na utumie `username_password_mfa`.

Kwa kazi zinazojiendesha, njia ni jozi ya funguo. Mtumiaji aliyesajiliwa kwa `TYPE = SERVICE` hawezi kabisa kuingia kwa nenosiri. Ufunguo uwe RSA wa angalau biti 2048, na ule wa siri uwe katika muundo wa PKCS#8:

`openssl genrsa 2048 | openssl pkcs8 -topk8 -inform PEM -out rsa_key.p8 -nocrypt`

`openssl rsa -in rsa_key.p8 -pubout -out rsa_key.pub`

Kwa `-nocrypt` ufunguo wa siri unabaki wazi kwenye diski. Liondoe neno hilo kama draiva yako inaweza kupewa nenosiri la kuufungulia. Ufunguo wa umma unawekwa kwa `ALTER USER ... SET RSA_PUBLIC_KEY`, ukiwa umeondoa mistari ya kwanza na ya mwisho ya faili.

Ukipata 390144, tokeni ya JWT, ambayo draiva huitia saini kwa ufunguo huo wa siri, haijakubaliwa. Kuna sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni funguo zisizolingana: mtu alitengeneza jozi mpya akasahau kuisajili. Linganisha `RSA_PUBLIC_KEY_FP` inayoonekana kwenye `DESC USER` na hii:

`openssl rsa -pubin -in rsa_key.pub -outform DER | openssl dgst -sha256 -binary | openssl enc -base64`

Ya pili ni saa ya kompyuta. Tokeni hubeba muda ilipotolewa, na Snowflake inataka iipokee ndani ya sekunde 60. Mashine ambayo betri yake ya ubao mama imekufa hurudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, lakini hiyo huonekana upesi. Inayojificha ni hii: mtu ameona saa iko nyuma kwa saa tatu, akaisogeza kwa mkono bila kubadilisha ukanda wa saa, ambao umebaki UTC. Ukutani na kwenye skrini saa zinafanana. Kwa Snowflake, kompyuta hiyo inatoa tokeni za saa tatu zijazo. Andika `date -u` kwenye Linux. Ikikupa saa ileile ya ukutani hapa Afrika Mashariki, saa hiyo ni mbovu. Rekebisha ukanda, kisha washa usawazishaji wa NTP.

Ujumbe wa kukataliwa huja na kitambulisho kirefu mwishoni. Si uchafu. Msimamizi anaweza kuendesha `SELECT SYSTEM$GET_LOGIN_FAILURE_DETAILS('kitambulisho')` na kuambiwa sababu halisi, ambayo wewe umefichwa kwa usalama. Anaweza pia kutazama LOGIN_HISTORY. Jaribio lako lisipoonekana humo, basi halikufika. Rudi kwenye njia.

Umeingia, huoni kitu

Draiva ya Python, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, itakubali kuunganisha hata ukiitajia ghala lisilokuwepo. Utagundua baadaye, kwa 000606 inayosema kikao hakina ghala, au 090105 inayosema hakina kanzidata. Uliza kikao chenyewe:

`SELECT CURRENT_ROLE(), CURRENT_WAREHOUSE(), CURRENT_DATABASE(), CURRENT_SCHEMA();`

Ukiona NULL, hapo ndipo. Msimbo 002003 unasema kitu hakipo au huna ruhusa nacho, na Snowflake haitakuambia ni lipi kati ya hayo, kwa makusudi. Mara nyingi kwenye kivinjari ulichagua jukumu lenye ruhusa, na draiva inatumia jukumu la msingi la mtumiaji wako. Litaje waziwazi kwenye muunganisho. Kumbuka pia kwamba jina lililoundwa kwa herufi ndogo ndani ya alama za nukuu litatakiwa hivyohivyo daima.

Kama ghala lipo ila haliamki, uliza kama bajeti ya mwezi imekwisha. Msimamizi anaweza kuwa ameweka kikomo cha matumizi, na tarehe 28 ni siku yake ya kuuma.

Kikao kikikatika katikati ya siku kwa 390114, umekaa bila kukitumia zaidi ya saa nne. `CLIENT_SESSION_KEEP_ALIVE` inakiweka hai, ila usiiwashe kwenye programu inayofungua vikao bila kuvifunga.

Ukiomba msaada

Tuma ujumbe wote wa kosa pamoja na namba yake, muda ulipotokea kwa UTC, toleo la draiva (`SELECT CURRENT_CLIENT();` kama unaweza kuingia), mfumo wa kompyuta, na matokeo ya majaribio mawili: kuunganisha kutoka ndani ya ofisi na kutoka nje yake. Kama kikao kilifunguka, ongeza kitambulisho cha swali lililoanguka.

Ukiombwa logi, kwenye ODBC panda hadi `LogLevel=6` na utaje folda kwenye `LogPath`; kwenye JDBC weka `tracing=ALL`; kwenye Python tumia kiwango cha DEBUG. Zaa kosa mara moja, kisha zima palepale. Kabla ya kutuma, fungua faili utafute maswali yenye majina au namba za wateja uyafute. Ikiwa draiva iko kwenye seva ya ripoti inayofanya kazi mchana kutwa, hakikisha `LogLevel` imerudi 0 kabla hujaondoka, la sivyo diski itajaa usiku na asubuhi utaitwa kwa tatizo lingine kabisa.